UZI: Slaidi moja, sahani nne. PowerPoint, runinga ya kaunta na WhatsApp kwa maktaba za Kigoma

MwishoWaReli (mleta uzi)

Habari za asubuhi wakuu.

Uzi huu ni wa wakutubi, walimu wanaosimamia maktaba za shule, na yeyote aliyekabidhiwa "mambo ya kompyuta" maktabani kwa sababu tu ndiye kijana kuliko wote ofisini. Koha (programu ya kuendeshea maktaba) na uorodheshaji sivigusi. Hapa ni slaidi na mitandao ya kijamii.

Maktaba nyingi huku kwetu slaidi hutengenezwa kwa ajili ya mgeni: kuna ziara, kuna kikao, kuna wiki ya usomaji. Mgeni akishaondoka faili linalala kwenye flashi mpaka virusi vilikute. Wakati huohuo ukurasa wa Facebook una picha ya mwaka jana, na kundi la WhatsApp limejaa maua ya "asubuhi njema". Slaidi ileile ingeweza kuzunguka kwenye runinga ya kaunta, kupanda Status, kwenda kwenye chaneli, kisha ikachapwa A4 na kubandikwa mlangoni kwa wenye viswaswadu. Chungu kimoja, sahani nne.

Naanza na slaidi yenyewe.

Slaidi ya maktaba iwe na vitu vitatu tu: jambo, namba ya rafu, na la kufanya. Mfano wa maktaba iliyo karibu na wavuvi wa Kibirizi:

UVUVI NA UFUGAJI WA SAMAKI
Rafu 639 – ukuta wa kushoto, kabati la tatu
Soma hapahapa bure. Kuazima: uliza kaunta

Basi. Usiweke historia ya maktaba, usiweke dira na dhima, na ile nembo isichukue robo ya ukurasa. Msomaji anayepita kaunta anaitazama runinga sekunde nne au tano. Namba ya rafu ndiyo inayogeuza tangazo kuwa safari ya kwenda kabatini. Bila namba umemwambia tu kwamba vitabu vipo, jambo ambalo alishalijua alipoona neno MAKTABA getini. Kwa huku, namba za Dewey (mpangilio wa vitabu kwa mada) za kuanza nazo ni 639 (uvuvi), 633.85 (mimea ya mafuta, na michikichi imo), 638.1 (nyuki), 496.392 (Kiswahili) na 967.8 (Tanzania). Hakikisha kwanza vitabu viko kwenye rafu kweli. Tangazo la kitabu kilichoazimwa tangu Machi linakuvunjia imani.

Ukubwa wa herufi. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha kioo cha kama sm 53. Slaidi ya kawaida ya 16:9 kwenye PowerPoint ina kimo cha sm 19.05, kwa hiyo runinga inaikuza karibu mara 2.8. Herufi kubwa ya saizi 32 inatoka na kimo cha sm 2.2 hivi, na hiyo mtu aliyesimama mita tatu anaisoma bila kukunja uso. Saizi 18, ambayo wengi wanaipenda kwa kuwa "inaenea", inatoka kama sm 1.2, na hapo mzee wa Ujiji lazima asogee hadi agongane na kaunta. Chini ya 32 usishuke. Kichwa kiwe 54 na kuendelea.

Rangi: maandishi meusi au ya bluu iliyokolea juu ya nyeupe au krimu. Njano juu ya nyeupe haionekani. Nyekundu juu ya kijani, usithubutu.

Sasa kupeleka kwenye runinga. Njia ni mbili.

Ya kwanza ni video. Kwenye PowerPoint 2013 na kuendelea: File, Export, Create a Video. Chagua 1080p, weka sekunde 10 kwa kila slaidi (yenyewe huja na 5, ambazo ni chache kwa msomaji wa kawaida). Inatoka MP4 ambayo runinga nyingi zinaisoma. Slaidi 12 kwa sekunde 10 ni dakika mbili, na dakika mbili zinatosha kabisa. Ukiweka slaidi 40, mtu aliyeona nusu ya tangazo atasubiri karibu dakika saba lirudi. Hatasubiri.

Ya pili ni picha. Hifadhi kama JPEG, kubali slaidi zote, peleka folda kwenye flashi, runinga ichezeshe picha. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa maktaba ndogo, kwa sababu kubadilisha slaidi moja hakuhitaji kutoa video upya. Ila ina mtego: PowerPoint inaziita Slide1, Slide2 hadi Slide10, na runinga nyingi zinapanga kwa alfabeti, hivyo Slide10 inafuata baada ya Slide1. Watu wanadhani faili limeharibika. Badilisha majina yawe 01, 02, 03, shida imekwisha.

Flashi iwe ya GB 8 au 16, mpangilio wa FAT32. Flashi kubwa kuliko GB 32 kwa kawaida Windows huipanga kwa exFAT au NTFS, na runinga za zamani hazioni kitu. FAT32 nayo haibebi faili moja linalozidi GB 4, lakini ukifika huko ujue umetengeneza filamu.

Mambo ya WhatsApp naja nayo kwenye posti inayofuata. Maswali ruksa.

---

KatubukaJunior

Nimekaa siti ya mbele mkuu. Endelea.

---

fundi_wa_projekta

Naongezea kwenye runinga, maana hapa ndipo tunapoitwa kila wiki.

1. Runinga inajizima yenyewe ikishawaka kwa muda wa saa nne. Si mbovu. Kuna mpangilio wa kujizima kama rimoti haijaguswa. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya muda au ya kuokoa umeme, uondoe.

2. Runinga iliyotoka dukani ikiwa bado kwenye hali ya maonyesho inawaka mwanga mkali kupita kiasi na kila baada ya muda inafuta mipangilio uliyoweka. Ibadilishe iwe hali ya nyumbani.

3. Slaidi zikiisha inasimama. Washa kurudia. Kitufe hiki kimefichwa kwenye menyu inayotokea video ikiwa inacheza, kwenye ukurasa wa mbele hukioni.

4. Umeme. Runinga ya LED ya inchi 43 inakula wati 80 hivi. Saa 8 kwa siku ni uniti 0.64, na siku 22 za kazi ni uniti 14 kwa mwezi. Mkuu wa kituo akiuliza gharama, mpe hesabu hiyo kabla hajaizima runinga.

Kama mnatumia kompyuta badala ya flashi: Slide Show, Set Up Slide Show, chagua ile ya "kiosk". Halafu nenda Transitions uweke muda kwenye kila slaidi. Wengi wanasahau hatua hii ya pili, na kwenye hali ya kioski mibonyezo ya kipanya haisogezi kitu, hivyo slaidi ya kwanza inabaki imeganda asubuhi hadi jioni. Kutoka unabonyeza Esc. Ukihifadhi faili kama .ppsx linafunguka moja kwa moja kwenye maonyesho, anayefungua asubuhi hana la kutafuta.

Projekta ni habari nyingine. Projekta ya taa haitaki kukatiwa umeme ghafla: ukizima, feni inaendelea dakika mbili tatu kupooza taa. Umeme ukikatika katikati ya mafunzo, taa inabaki na joto lote. Umeme ukirudi usiiwashe papo hapo, iache ipoe kwanza. UPS (betri ya akiba) ndogo ya VA 650 haitaendesha somo lako, lakini inakupa dakika za kuizima kistaarabu, na hizo ndizo unazozitaka. Taa mpya bei yake inauma.

---

MwalimuWaKasulu

Shukrani wakuu. Sisi shuleni hatuna PowerPoint halali, kompyuta zina LibreOffice. Haya yanawezekana?

---

MwishoWaReli

Yanawezekana mwalimu, kwa tofauti chache.

Impress, programu ya slaidi ya LibreOffice, haitoi video. Na ukienda File, Export ukachagua JPEG, inakupa slaidi uliyosimama juu yake tu, haitoi zote. Kwa slaidi kumi unaweza kurudia mara kumi ukamaliza. Zikiwa nyingi, toa PDF kisha uigeuze picha. Kama kompyuta ni ya Linux, fungua dirisha la amri:

pdftoppm -jpeg -scale-to-x 1920 -scale-to-y 1080 maktaba.pdf slaidi

Majina yanatoka yakiwa na sifuri mbele, kwa hiyo ule mtego wa Slide10 haukuhusu.

Ukipokea faili la PowerPoint lililotumia Calibri, LibreOffice inaweka Carlito, ambayo upana wa herufi ni uleule, mistari haivurugiki. Fonti za mapambo ndizo zinazovuruga: kichwa kinashuka mstari wa pili na kufunika picha. Anayetengeneza kwa PowerPoint ya Windows aende File, Options, Save, aweke tiki kwenye kupachika fonti ndani ya faili. Au atumie fonti za kawaida tu, maana tangazo la saa za kufungua maktaba halihitaji herufi za mwaliko wa harusi.

Jambo moja ambalo LibreOffice inaizidi PowerPoint kwa kazi yetu: tangu toleo la 6.4 inatengeneza kodi ya QR yenyewe. Insert, OLE Object, kisha chaguo la QR. Unabandika linki, unachagua kiwango cha kuvumilia uharibifu, basi. Haihitaji intaneti, na kodi haina mwisho wa matumizi. Zile tovuti za "tengeneza QR bure" nyingi hukupa kodi inayopitia kwao kwanza. Muda wa majaribio ukiisha, kodi uliyochapa na kubandika kila mahali inampeleka msomaji kwenye ukurasa wa kuomba malipo.

---

BintiIsevya

Mwangaluka wakuu, nawasoma kutoka Tabora. Kwenye QR kuna la kuongeza.

Ukubwa: gawa umbali kwa kumi. Mtu anayesoma akiwa mita moja kutoka ukutani anahitaji kodi ya sm 10. Iliyo kwenye runinga kwa mtu wa mita mbili iwe sm 20. Vile vikodi vya sm 2 kwenye kona ya bango ni pambo.

Acha ukingo mweupe kuzunguka kodi, upana wa visanduku vinne. Watu wanaipunguza kwa kuiona nafasi tupu, kisha simu haisomi. Kodi iwe nyeusi juu ya nyeupe, usigeuze. Na mkilaminisha, msibandike mkabala na dirisha: plastiki inarudisha mwanga, simu inaona mng'ao tu. Sisi wa Tabora na jua letu tunalijua hilo.

Linki ya WhatsApp inaandikwa hivi: wa.me/2557XXXXXXXX, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Sifuri ndiyo kosa linalojirudia kuliko yote. Mkitaka ujumbe uje ukiwa tayari umeandikwa, ongezeni mwishoni ?text=Nauliza%20kitabu. Hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno. Msomaji akishaskani anabonyeza kutuma tu.

---

MwishoWaReli

Umemaliza dada. Sasa WhatsApp.

Kwanza, laini. Laini husajiliwa kwa alama za vidole. Ikisajiliwa kwa jina la mtumishi, siku anapohamishiwa Kibondo maktaba imebaki bila mdomo. Isajiliwe kwa jina la taasisi. Mkishindwa, WhatsApp Business inakubali hata namba ya simu ya mezani: wakati wa kuhakiki unachagua kupigiwa badala ya kutumiwa ujumbe, sauti inakutajia tarakimu sita. Namba ya mezani haihami na mtu.

Pili, weka uhakiki wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na PIN iandikwe kwenye daftari la makabidhiano, pamoja na funguo. Kodi ya kuhakiki inayokuja kwa ujumbe asipewe mtu yeyote anayepiga, hata akisema yeye ni bosi wa mkoa.

Tatu, simu kuu ikae maktabani. Unaweza kuunganisha vifaa vingine vinne, kwa hiyo kompyuta ya kaunta na simu ya mkutubi mwingine vinaingia humo. Lakini simu kuu isipofunguliwa siku 14, vifaa vyote vinatolewa. Na akaunti isiyotumika siku 120 kwa kawaida hufutwa. Kwa maktaba ya shule inayofungwa likizo ndefu, mtu mmoja aiwashe simu kila wiki.

Nne, ujumbe upite wapi? Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Kundi linabeba watu 1,024, na kila mmoja anaona namba ya mwenzake. Ukiingiza wanafunzi wa kike humo, usiku wataanza kupokea "mambo" kutoka kwa watu wasiowajua. Hilo peke yake linatosha kwangu kulikataa kundi kama mdomo wa maktaba ya umma. Kundi lifaalo ni dogo: klabu ya wasomaji 20 au 30 wanaofahamiana.

Orodha ya matangazo inabeba 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Watu wanatuma kwa 200 wanashangaa kuona tiki moja moja. Hakuna kilichoharibika, hawajakuhifadhi tu. Msomaji anapojiandikisha kaunta, mwambie ahifadhi namba palepale kabla hajaondoka.

Chaneli haina kikomo hicho, wafuasi hawaonani, na wewe huoni namba zao isipokuwa ambazo tayari unazo kwenye simu. Kasoro yake ni kwamba msomaji haanzishi mazungumzo humo. Ndiyo maana kila posti ya chaneli inabeba ile linki ya wa.me chini, anayetaka kuuliza aulize pembeni.

Kwa hiyo: chaneli kwa matangazo, namba ya Business kwa maswali, Status kwa ukumbusho wa siku. Kundi kwa klabu.

Kwenye WhatsApp Business wekeni majibu ya haraka. Unaandika mkwaju na neno, mfano /saa, jibu zima la saa za kufungua linatokea. Unaruhusiwa hadi 50 lakini sita zinatosha: saa, kujiunga, faini, kuazima, eneo, na mitihani ya nyuma. Weka pia ujumbe wa kutokuwepo kwa usiku na Jumapili, useme lini atajibiwa. "Tutakujibu hivi karibuni" haimsaidii mtu. Sema "Jumatatu saa 3 asubuhi".

---

KatubukaJunior

Mkuu, picha zetu zikipanda Status zinakuwa ukungu, maandishi hayasomeki. Simu ni nzuri tu.

---

MwishoWaReli

Simu haina kosa. Umeposti slaidi ya ulalo kwenye kioo cha wima: inabanwa hadi kuwa mkanda katikati, juu na chini peusi. Kisha WhatsApp inaikandamiza tena.

Tengeneza nakala ya wima. Design, Slide Size, Custom. Upana sm 28.575, kimo sm 50.8. Namba hizo zina sababu: PowerPoint hutoa picha kwa nukta 96 kwa inchi, kwa hiyo vipimo hivyo vinatoka pikseli 1080 kwa 1920 barabara, saizi ya Status. Kwa posti ya mraba ya Facebook weka 28.575 pande zote, inatoka 1080 kwa 1080. Ukiacha slaidi kama ilivyokuja, picha inatoka 1280 kwa 720.

Kwenye slaidi hiyo ya wima herufi zisipungue 44. Kioo cha simu kina upana wa sm 7, kinaipunguza slaidi hadi robo, hivyo 44 inasomeka kama 11 ya karatasi. Kichwa 90. Acha sm 6 juu na sm 6 chini bila maandishi, maana juu pana jina lako na chini pana sehemu ya kujibu.

Hifadhi kama PNG, JPEG inatia vumbi kwenye kingo za herufi. Na ukiihamisha kutoka kompyuta kwenda simu kwa kupitia WhatsApp, itume kama dokyumenti. Ukiituma kama picha inakandamizwa safari ya kwanza, na ukiiposti inakandamizwa ya pili. Ukungu wako nadhani umetokea hapo.

---

KatubukaJunior

Daah, ni hapo hapo. Nilikuwa najitumia kama picha.

---

Nyamanzi_wa_Gungu

Mnaongea teknolojia sana, kuna sheria pia jamani.

Moja. Kuposti orodha ya wadaiwa vitabu kwenye kundi ("wafuatao warudishe vitabu haraka") ni makosa. Mtu anasoma nini na anadaiwa nini ni siri yake na maktaba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na maktaba hazijaachwa nje. Mdaiwa atumiwe ujumbe wake peke yake, na usitaje jina la kitabu, sema "kitabu ulichoazima tarehe fulani". Simu nyingine za nyumbani zinashikwa na watu watano.

Mbili. Picha za watoto. Sheria hiyo inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na ridhaa iwe ya maandishi. Fomu ya nusu ukurasa inatosha: jina la mtoto, jina la mzazi, picha itatumika wapi, kwa muda gani, sahihi. Ridhaa ya mwalimu mkuu kwa darasa zima si ridhaa ya wazazi. Kama fomu hazijarudi, pigeni picha kutoka nyuma, mikono na kitabu. Mara nyingi hutoka nzuri kuliko zile za watoto waliopangwa mstari wakitazama kamera kama wako kwenye foleni ya chanjo.

Tatu. PDF za vitabu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya 1999, inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Mkutubi anayeskani riwaya ya mtu na kuirusha kwenye kundi anamwibia mwandishi akiwa amevaa kitambulisho cha maktaba. Kwa vitabu vya shule, tumeni linki ya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, watoto wapakue wenyewe kihalali.

Na picha za slaidi msizoe tu kwenye Google. Wikimedia Commons wanazo nyingi za ziwa, za reli, za Gombe. Mnaandika jina la mpiga picha na aina ya leseni chini kwa herufi ndogo.

---

MwalimuWaKasulu

Hili la wadaiwa limenigusa. Orodha iko ukutani kwetu mpaka leo.

---

Nyamanzi_wa_Gungu

Ibandue mwalimu. Ukutani kosa ni lilelile.

---

BintiIsevya

Facebook mmeipita haraka. Watu wazima wengi bado wako huko.

Fungueni ukurasa, msifungue akaunti ya mtu inayoitwa "Maktaba Yetu". Akaunti ya mtu inagota kwa marafiki 5,000, na Facebook ikigundua si mtu inaweza kuifunga na kila kitu kilichomo. Ukurasa uwe na wasimamizi wawili wenye mamlaka kamili. Mmoja akihama, mwenzake anaongeza wa tatu siku hiyohiyo. Msisubiri aondoke na kuanza kumtafuta.

Ratibuni posti za wiki kwa Meta Business Suite siku moja, mkiwa na bando au kwenye Wi-Fi: posti tatu, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Tatu za uhakika zinashinda kumi na mbili za wiki moja kisha kimya cha miezi miwili.

Mkirusha mbashara, mathalani hadithi za watoto Jumamosi, pakueni video mapema. Tangu Februari 2025 video za mbashara za Facebook hukaa siku 30 tu kisha hufutwa. Waliozoea kuuacha ukurasa uwe kabati la kumbukumbu wamekwisha poteza nyingi. Kwenye video msiweke muziki wa redioni, sauti itanyamazishwa.

---

fundi_wa_projekta

La mwisho kutoka kwangu, kwa wale wanaopokea darasa zima la wageni na projekta.

Windows na P pamoja, chagua kurudufu, ndipo ukutani patoke kitu. Kitufe B wakati wa maonyesho kinaweka kioo cheusi. Tumia ukitaka watoto wakutazame wewe. Ukiandika 9 na kubonyeza Enter unaruka hadi slaidi ya tisa, usirudi nyuma moja moja mbele ya watu. Kompyuta mpya zina HDMI tu na projekta nyingi za ofisini zina VGA: kigeuzi kikae ndani ya mfuko wa projekta, kifungwe kwa kamba kwenye waya wake. Visipofungwa hupotea.

Mkichapa slaidi kugawa, chagua sita kwa ukurasa, rangi ya kijivu. Slaidi zenye mandhari meusi zinamaliza wino kabla ya darasa la pili.

---

mgeni_msomaji

Swali dogo: tunajuaje kama haya yanafanya kazi? Bosi anataka idadi ya laiki kwenye ripoti ya robo mwaka.

---

MwishoWaReli

Mpe laiki zake, hazina gharama. Lakini kitabu cha wageni kiongezewe safu moja: "Umesikia wapi?" na herufi nne za kuchagua. R runinga, W WhatsApp, F Facebook, M mtu. Askari wa mlangoni anaweza kuijaza. Mwisho wa mwezi hesabu kwa dakika kumi.

Kingine, vitabu vilivyotangazwa wiki hiyo viwekwe kikaratasi cha rangi ndani. Jioni hesabu vikaratasi vilivyo kwenye vitabu vilivyoachwa mezani. Kitabu cha 639 kilichokaa mwaka mzima bila kufunguliwa, kikionekana mezani mara nne ndani ya wiki, iandike hiyo kwenye ripoti kwa tarehe na namba ya rafu. Bosi akitaka chati, tengeneza ya mihimili, rangi moja, namba juu ya kila mhimili. Ya duara yenye vipande tisa hatakuelewa.

---

mgeni_msomaji

Safu ya "Umesikia wapi" inaanza kesho. Askari wetu ana mwandiko mzuri kuniliko.